Mwambao, Lamu na haki ya kujitenga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uchaguzi ukikaribia, au hatimiliki ya mtu asiyejulikana ikizuka juu ya shamba la watu, mabarazani hapa Lamu maswali hurudi yale yale. Pwani ni ya nani? Ilikodishwa au ilitolewa? Na kama wengine wamejitenga, sisi tumezuiwa na nini? Nimekusanya yanayorudi zaidi na kuyajibu kadiri mikataba na hukumu zinavyoruhusu. Maoni yangu yamo pia, na sikuyaficha.

Ni kweli Pwani ilikodishwa kwa Wazungu?

Kweli, na ndiyo maana habari hii haifi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikagawana Afrika Mashariki, zikakubali kwamba Sultani wa Unguja abakie na visiwa na ukanda wa maili kumi kutoka baharini kwenda bara. Mwaka uliofuata Sultani akampa William Mackinnon na wenzake ruhusa ya kuuendesha ukanda huo kwa niaba yake. Kampuni yao iliposhindwa na gharama, serikali ya Uingereza ikaingia mahali pake kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895: Waingereza watawale na kukusanya ushuru, Sultani alipwe kila mwaka, na enzi ibaki kuwa yake.

Kwa hiyo mwaka 1920, bara lilipofanywa koloni, ukanda haukufanywa. Nchi ikaitwa Koloni na Nchi Lindwa ya Kenya, nchi lindwa ikiwa ni huku kwetu, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi uhuru. Waingereza walikuwa wapangaji katika nyumba ya mtu. Ila na huyo mwenye nyumba hakuchaguliwa na waliokuwa wakilala ndani: Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alipigana na mpango huo mwaka 1895 na 1896, na Witu, ng'ambo yetu hapa, ilikuwa na masultani wake wasioitii Unguja.

Tunasikia ukodishaji ulikuwa wa miaka hamsini, kwa hiyo uliisha mwaka 2013. Mbona hamsemi?

Kwa sababu si hivyo. Miaka hamsini ipo, lakini imo katika ruhusa aliyopewa Mackinnon mwaka 1887. Mkataba wa 1963, ule uliounganisha ukanda na Kenya, hauna kipindi. Hausemi Kenya imekodishwa chochote. Unasema kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, maeneo yale yataacha kuwa sehemu ya milki ya Sultani na yatakuwa sehemu ya Kenya. Huko ni kutoa.

Nadhani mtu aliona namba hamsini katika karatasi moja akaibandika katika nyingine, na mwaka 2013 ulipokaribia kukawa na hamu ya kuamini. Sina la kuwalaumu walioamini. Mikataba hii haikuwahi kusomwa hadharani kwa lugha tunayoisema.

Ile maili kumi inaishia wapi? Lamu imo?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa upande wa kaskazini ukanda uliishia Kipini, kwenye mlango wa mto Tana. Lamu ilihesabiwa peke yake, kama kisiwa, pamoja na visiwa vidogo vinavyoizunguka. Malindi imo ndani ya ukanda bila ubishi. Lakini bara iliyotukabili sisi, upande wa Witu, haikuhesabiwa katika ukanda ule. Wajerumani waliiweka Witu chini ya ulinzi wao mwaka 1885, na mwaka 1890 wakawaachia Waingereza.

Kwa hiyo mtu wa Lamu anayesimama juu ya mkataba wa Sultani kudai Pwani yote kama kipande kimoja anasimama juu ya karatasi ambayo haikuwahi kuitambua Pwani kama kipande kimoja. Hata kisiwa chenyewe kiligombaniwa. Waingereza na Wajerumani walibishana nani ana haki ya kukusanya ushuru wa Lamu, wakapeleka kesi kwa msuluhishi Mbelgiji, Baron Lambermont, aliyeamua mwaka 1889 kwamba Sultani ampe amtakaye. Watu wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wetu, hawakuitwa kutoa ushahidi.

Mwaka 1963 nani aliulizwa?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote katika orodha hii.

Mwaka 1961 Uingereza na Sultani walimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje asikilize. Alizunguka Pwani, akapokea barua na ujumbe, na mwishoni mwa mwaka akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru. Kukafuata mkutano London mwaka 1962. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Unguja, wakaandikiana barua za ahadi, na tarehe 8 mkataba ukatiwa saini. Kura ya maoni haikupigwa. Watu walisikilizwa na tume, lakini hawakuamua.

Vyama vya Mwambao, na hasa Coast People's Party, vilitaka Pwani ijitawale peke yake au irudi kwa Sultani, wala si vigumu kuelewa kwa nini: waliona wakitoka kuwa raia wa Sultani na kuwa wachache katika nchi ya bara. Lakini sikilizeni na upande wa pili, ambao katika mabaraza yetu hausemwi. Wamijikenda wengi hawakuwa nao. Kiongozi wao mkubwa, Ronald Ngala, alikuwa wa chama cha KADU, na KADU ilitaka majimbo ndani ya Kenya. Kwa Mgiriama wa nyuma ya Malindi, kurudi kwa Sultani kulimaanisha kurudi kwa wenye mashamba.

Kwa nini ardhi inaingia kila mahali?

Kwa sababu ndiyo yenyewe. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za Pwani. Mwenye madai alitakiwa afike mbele ya msajili na ushahidi wake. Kisichodaiwa kikawa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua karatasi, na waliotambuliwa kuwa raia wa Sultani wenye mali binafsi, walipata hatimiliki. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, wengi wakabaki bila kitu. Huko Malindi ndiko kulikozaliwa tatizo la maskwota: vizazi vinalima, mwenye karatasi yuko Mombasa au Uarabuni, na siku moja anauza.

Sasa angalia ahadi za 1963. Uhuru wa dini, sawa. Mahakama za Kadhi zihifadhiwe, sawa, na ziko hadi leo katika kifungu cha 170 cha katiba. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na maofisa wa utawala katika maeneo ya Waislamu wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana; hizi mbili zilififia mapema. Na ya tano: hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa daima. Yaani mkataba ule ule tunaouita wa kutuuza ndio uliowalinda wenye mashamba dhidi ya waliokuwa wakiyalima. Kwa familia fulani za mjini ilikuwa kinga. Mtu wa Ganda au Magarini, huko Malindi, anaisoma vingine kabisa.

Ndiyo maana mtu akiniambia "sisi wa Pwani", namuuliza kwanza: sisi kina nani?

Sultani alipinduliwa Januari 1964. Je, mkataba haukufa naye?

Hapana. Ulikwisha kufanya kazi yake tarehe 12 Desemba 1963, mwezi mmoja kabla. Mikataba ya mipaka haifi kwa kuanguka kwa serikali. Unguja ikaungana na Tanganyika Aprili 1964, na Tanzania haijawahi kuudai Mwambao.

Umoja wa Mataifa unasema watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao. Sisi si watu?

Ni watu. Haki hiyo imo katika Hati ya Umoja wa Mataifa ya 1945, katika azimio namba 1514 la 1960, katika mikataba miwili mikubwa ya haki za binadamu ya 1966, na katika kifungu cha 20 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Hakuna anayeweza kukuambia haipo.

Lakini soma azimio la 1514 hadi kifungu cha sita: jaribio lolote la kuvunja umoja wa nchi na mipaka yake linapingana na malengo ya Umoja wa Mataifa. Na Julai 1964, Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilikataa, na si siri kwa nini: zilikuwa zikidai ardhi ya majirani. Sheria ikakaa hivi: aliyetawaliwa na mkoloni ana haki ya kuwa huru, aliye ndani ya nchi huru ana haki ya kushiriki, kutawala mambo yake ya karibu, kulinda dini, lugha na ardhi yake. Kujitenga kwa nguvu ya sheria hakuna, isipokuwa pengine pale ambapo watu wananyimwa kabisa kushiriki na wanateswa vikubwa, na hata hapo wanasheria wanabishana.

Kesi iliyo karibu nasi zaidi ni ya Katanga. Kundi la Wakatanga lilikwenda kwa Tume ya Afrika kudai uhuru kutoka Zaire, Kongo ya leo. Mwaka 1995 Tume ikasema: hamjaonyesha kwamba mnateswa au mmenyimwa kushiriki serikalini kwa kiwango cha kuifanya Zaire ikatwe, kujiamulia mambo kunaweza kuwa kwa majimbo, kwa serikali za mitaa, kwa muungano, kwa njia yoyote mnayokubaliana, ndani ya nchi. Ukiichukua hoja ya Mwambao ukaipeleka huko leo, jibu hilo ndilo ningelitegemea.

Mbona Eritrea na Sudan Kusini walipata?

Kwa vita virefu, na mwishowe kwa ridhaa ya waliokuwa wakiwatawala. Eritrea ilipiga kura mwaka 1993 baada ya Addis Ababa kuangukia mikononi mwa waliokuwa washirika wake. Sudan Kusini ilipiga kura Januari 2011 kwa sababu Khartoum ilikuwa imetia saini kuruhusu, ikawa nchi tarehe 9 Julai, na Desemba 2013 wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Somaliland ilijitangaza mwaka 1991, ina bendera, pesa na uchaguzi, na bado haina kiti Umoja wa Mataifa. Biafra ilitambuliwa na Tanzania ya Nyerere mwaka 1968 na bado ilikufa mwaka 1970.

Na Chagos? Mahakama ya dunia si ilisema Waingereza walikosea kugawa nchi kabla ya uhuru?

Aliyeuliza hili amesoma. Ndiyo: Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuvikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius mwaka 1965, bila ridhaa ya kweli ya watu, kulifanya uhuru wa Mauritius usikamilike kisheria. Hoja ya kuulizwa watu ni hiyo hiyo yetu. Tofauti ni kwamba Chagos ilikatwa, na mahakama ikatetea uzima wa nchi. Sisi tuliunganishwa, na mwenye enzi alitia saini. Kuitumia Chagos kuikata Kenya ni kuigeuza ndani nje. Lakini mtu akitaka kuitumia kusema kwamba tume ya kusikiliza maoni si sawa na watu kuamua, nitamuunga mkono.

Wangazija wanasemaje? Wao walijitenga kila upande.

Mfano wa Komoro ni mzuri kuliko mifano ya Ulaya yote, na ni jamaa zetu. Desemba 1974 Wafaransa waliwapigisha kura. Ukihesabu visiwa vinne pamoja, karibu wote walitaka uhuru. Ukihesabu kisiwa kimoja kimoja, Mayotte ilikataa. Ufaransa ikachagua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja, Mayotte ikabaki nayo, na tangu 2011 ni mkoa wa Ufaransa kama mikoa mingine. Umoja wa Mataifa ulilalamika miaka mingi. Kura zilikuwa zile zile. Aliyechora mstari wa kuhesabia ndiye aliyeamua matokeo.

Kisha mwaka 1997 Anzuani nayo ikajitangaza, na ilichotaka kwanza ni kurudi kwa Ufaransa! Ufaransa ikakataa. Mazungumzo yakaleta makubaliano ya Fomboni ya 2001 na urais wa zamu baina ya visiwa. Kiongozi wa Anzuani, Mohamed Bacar, alipogoma kuondoka, Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo Watanzania, yalishuka kisiwani pamoja na jeshi la Komoro, akakimbia. Mayotte ilijitenga na Komoro, Anzuani ikajitenga na Komoro, na mstari ungeweza kuendelea kukatwa. Nani atamzuia mtu wa Faza, kule kisiwani Pate, kujitenga na Lamu?

Kusema "Pwani si Kenya" ni kosa? Naweza kukamatwa?

Kusema, peke yake, kunalindwa na kifungu cha 33 cha katiba, mradi usichochee vita, vurugu wala chuki. Oktoba 2010 serikali ilipiga marufuku makundi 33, Mombasa Republican Council (MRC), lililodai Pwani ijitenge, likiwemo. Julai 2012 Mahakama Kuu Mombasa ikasema marufuku dhidi ya MRC ilikiuka katiba. Miezi mitatu baadaye polisi walivamia Kombani, Kwale, wakamkamata kiongozi wake. Kwa hiyo jibu la sheria ni moja na jibu la barabarani ni jingine. Ukishika silaha au kupanga kushika, huko ni uhaini na hakuna hukumu ya 2012 itakayokusaidia.

Mwaka 2017 magavana wawili walitangaza Pwani itajitenga. Iliishia wapi?

Iliishia pale ilipoanzia, kwenye siasa za uchaguzi. Novemba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi, ambayo ndimo ilimo Malindi, walisema watafuata njia ya kisheria ya kujitenga. Machi 2018 Uhuru na Raila wakapeana mikono, wimbo ukanyamaza. Tangu 2022 Bwana Kingi ni Spika wa Seneti ya Kenya. Sisemi zaidi.

Katiba ina njia yoyote ya kuondoka?

Ya moja kwa moja, hapana. Kifungu cha 255 kinasema mabadiliko yanayogusa eneo la Kenya lazima yapite kura ya maoni ya nchi nzima: wengi wa wapiga kura waunge mkono, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika nusu ya kaunti 47. Pwani ina kaunti sita. Hesabu mwenyewe.

Mpeketoni ni sehemu ya suala hili?

Ni sehemu ya kidonda. Mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, huko Mpeketoni, ulianza miaka ya 1970, watu wa bara wakapewa mashamba na hatimiliki huku Waswahili, Wabajuni na Waaweer wakibaki bila karatasi. Kabla ya hapo, wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya Wasomali wa kaskazini waliotaka kujitenga na Kenya, Wabajuni wa vijiji vya bara walikimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi kwenye mashamba yao.

Juni 2014 washambuliaji waliua zaidi ya watu 60 Mpeketoni na jirani zake. Al-Shabaab wakasema ni wao. Rais akasema ni mitandao ya siasa ya hapa hapa. Niseme wazi: waliouawa walikuwa majirani. Watoto waliozaliwa Mpeketoni hawakuchora ramani ya 1970, na hoja yoyote ya kujiamulia mambo inayowahesabu kuwa wageni wa kuondolewa siitaki karibu nami.

Basi ipo njia gani ambayo imewahi kufaulu?

Mahakama, na si lazima iwe kwa ajili ya bendera. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba bandari ya LAPSSET, mradi mkubwa wa serikali wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ilijengwa bila kuwashirikisha watu wa Lamu ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kwa kasoro hiyo hiyo ya kushirikisha watu. Kesi zote mbili zilifunguliwa na watu wa hapa.

Na kuna Arusha. Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau, ikiwemo haki ya ardhi yao ya asili. Juni 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na warudishiwe ardhi. Hakuna Mogiek aliyeomba nchi yake. Walidai haki kama jamii, ndani ya Kenya, na mahakama ikawapa. Utekelezaji unakwenda kwa mwendo wa kobe, hilo najua. Lakini Waaweer wa msitu wa Boni, waliofungiwa msitu wao tangu operesheni ya usalama ya 2015, wana kesi inayofanana na hiyo kuliko inavyofanana na ya Sudan Kusini.

Na ugatuzi je, si ndio majimbo ya Ngala?

Kwa kiasi. Majimbo ya 1963 yalifutwa ndani ya muda mfupi, baada ya KADU kujivunja. Kaunti za leo zina ulinzi zaidi: angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ziende kwao, na kifungu cha 174 kinataja haki ya jamii kusimamia mambo yao. Ila ardhi ya umma inasimamiwa na tume ya taifa, bandari ni ya taifa, na usalama ni wa taifa. Vitatu hivyo ndivyo vinavyotuumiza Lamu.

Mpaka wa baharini na Somalia unatuhusu?

Sana, hasa wavuvi wa Kiunga. Somalia ilifungua kesi mwaka 2014, Kenya ikajitoa kwenye mjadala wa Machi 2021, na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikachora mstari ulioipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililobishaniwa. Kenya imesema haiutambui. Hukumu hiyo haina rufaa.